Babe Didrikson, Mshika Manane

Miguu inaniuma kidogo, na sababu yake mtaijua kabla sijaweka kalamu chini.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa michezo aliniita kando ya uwanja. Alikuwa ameniona nikiruka kamba, kisha nikakimbilia viunzi, kisha nikashika ule mwanzi tunaoutumia badala ya mkuki. Tangu Julius Yego atwae ubingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka wa 2015, nani asiyetaka kujaribu? Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba wahenga hawakukosea waliposema mshika mbili moja humponyoka. Basi nichague mchezo mmoja, niushike huo huo.

Nilienda nyumbani na mawazo chungu nzima. Sisi wa shule ya kutwa njia huwa ndefu, na muda wa kuwaza ni mwingi. Jumamosi nikaingia maktaba kutafuta habari za heptathloni, yale mashindano ya wanawake ambapo mtu mmoja hucheza michezo saba ya riadha kwa siku mbili. Nilitaka tu kujua kama kuna binadamu aliyewahi kushika mawili yasimponyoke. Kumbe yuko aliyeshika manane, tena kwa alasiri moja! Aliaga dunia zamani, hata nyanya yangu alikuwa mtoto mdogo. Hebu niwasimulie maisha yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mildred Ella Didriksen. Alizaliwa tarehe 26 Juni 1911 katika mji wa Port Arthur, jimbo la Texas, Marekani. Wazazi wake, Ole na Hannah, walikuwa wahamiaji kutoka Norwe. Baba alikuwa seremala, na mama katika ujana wake kule kwao alikuwa hodari wa kuteleza kwenye barafu. Walijaliwa watoto saba, naye Mildred alikuwa wa sita. Alipokuwa bado mdogo familia ilihamia Beaumont, mji ulio karibu, na hapo ndipo alipokulia.

Hawakuwa matajiri. Lakini baba yake aliamini kwamba mtoto ni lazima acheze, basi akawatengenezea uwanja wa mazoezi nyuma ya nyumba. Aliweka vyuma vya kuning'inia, na kwa kunyanyua uzito akachukua mpini wa ufagio, akafunga pasi za chuma za mama huku na huku. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu mpaka mhudumu wa maktaba akanitazama kwa jicho kali. Sisi hapa tunalia kwamba hatuna vifaa, na kumbe bingwa wa dunia alianza na ufagio na pasi!

Viunzi vyake pia havikununuliwa. Katika mtaa wao nyumba zilitenganishwa na nyua za miti mifupi. Mildred alikuwa akikimbia kutoka nyumba hadi nyumba akiziruka nyua hizo moja baada ya nyingine. Ua wa jirani mmoja ulikuwa mrefu kuliko zingine, ukimharibia mwendo. Basi binti huyo akaenda kumwomba mwenyewe aupunguze, naye jirani akakubali, akaukata. Ama kweli, aombaye hupewa!

Jina la Babe alilipata utotoni. Mwenyewe alipenda kueleza kwamba alipewa na wavulana waliocheza naye besiboli, wakimlinganisha na bingwa wa mchezo huo aliyeitwa Babe Ruth. Wengine husema lilitokana na jina ambalo mama yake alimwitia nyumbani. Lolote liwalo, jina lilimganda kama kupe.

Katika shule ya upili ya Beaumont alicheza karibu kila mchezo uliokuwapo kwa wasichana, hasa mpira wa vikapu. Mwaka wa 1930, kabla hajamaliza masomo, aliajiriwa na kampuni moja ya bima mjini Dallas iliyoitwa Employers Casualty. Kwenye karatasi alikuwa karani wa kupiga taipu. Ukweli ni kwamba kampuni ilimtaka kwa timu yake ya vikapu, kwa sababu sheria za wakati huo hazikuruhusu mwanamichezo wa ridhaa kulipwa kwa kucheza. Kazi ilimwezesha kutuma fedha kidogo nyumbani kwa wazazi. Mwaka wa 1931 timu yao ilitwaa ubingwa wa taifa.

Riadha aliijua huko Dallas. Mkuu wake kazini, Melvin McCombs, alimpeleka siku moja kutazama mashindano. Babe akauliza hiki ni nini, na kile kinafanywaje, na mwisho akaamua kwamba atajaribu yote. Wenzake walipomaliza mazoezi ya jioni na kwenda zao, yeye alibaki uwanjani peke yake akirudiarudia hatua zake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu. Mtu akiona jina la Babe hudhani alikuwa na kipaji tu cha kuokota. Alikuwa nacho, ndiyo, lakini kila mchezo aliutolea jasho lake mbali.

Sasa tufike kwenye ile alasiri. Tarehe 16 Julai 1932 kulikuwa na mashindano ya taifa ya wanawake mjini Evanston, karibu na Chicago. Mashindano hayo ndiyo yaliyotumiwa pia kuchagua timu ya Olimpiki. Vilabu vingine vilileta vikosi vya watu kumi, kumi na watano, na zaidi. Kampuni ya Employers Casualty ilimleta mtu mmoja tu. Asubuhi hiyo Babe alichelewa, akalazimika kubadilisha nguo ndani ya teksi. Timu zilipoitwa kwa majina ziingie uwanjani, kila moja iliingia kwa kundi lake. Ilipoitwa Employers Casualty, akatoka msichana mmoja mwembamba, akapunga mikono, na uwanja wote ukalipuka kwa vifijo.

Kwa muda wa chini ya saa tatu, Babe alishiriki katika michezo minane kati ya kumi. Alikuwa akitoka hapa anakimbilia pale, anaruka, anarusha, anarudi tena kwenye mstari. Alishinda viunzi vya mita 80, kuruka mbali, kurusha tufe, kurusha mkuki na kurusha mpira wa besiboli. Hayo ni matano. Katika kuruka juu alifungana kwa nafasi ya kwanza na Jean Shiley. Katika kisahani alikuwa wa nne. Ni mbio za mita 100 tu zilizomtoa mikono mitupu. Hesabu ilipopigwa, timu ya mtu mmoja ilikuwa na pointi 30. Timu ya pili, iliyokuwa na wasichana 22, ilipata pointi 22. Mtu mmoja amewashinda watu ishirini na wawili! Ukisoma haya kwa mara ya kwanza, utarudi nyuma usome tena kama nilivyofanya mimi.

Wiki mbili baadaye Michezo ya Olimpiki ilianza Los Angeles. Na hapa, wenzangu, ndipo nilipokasirika. Wanawake waliwekewa michezo mitano tu ya mtu binafsi katika riadha yote: mita 100, viunzi, kuruka juu, kisahani na mkuki. Mita 800 zilikuwa zimekimbiwa na wanawake mwaka wa 1928, wakubwa wakasema zinawachosha mno, wakaziondoa mpaka mwaka wa 1960. Fikirieni, mita 800 ambazo leo dada zetu Wakenya wameshinda dhahabu! Tena mwanamke hakuruhusiwa kushiriki katika zaidi ya michezo mitatu ya mtu binafsi. Mashindano ya michezo mingi, yaliyomfaa Babe kama pete na kidole, kwa wanawake hayakuwapo kabisa. Basi mshika manane akaambiwa ashike matatu.

Alianza na mkuki tarehe 31 Julai. Mtupo wake wa kwanza ulimteleza mkononi ukamuumiza bega, lakini ulifika mita 43.69, na hakuna aliyeufikia. Wajerumani wawili walimfuata. Baada ya siku chache akashinda viunzi vya mita 80 kwa sekunde 11.7, rekodi ya dunia. Mwenzake Evelyne Hall alipewa muda huo huo, na waamuzi walihitaji kutazama kwa makini ndipo waseme ni nani aliyetangulia. Medali mbili za dhahabu hizo.

Ya tatu ilikuwa kuruka juu. Yeye na Jean Shiley walifungana tena, wote wawili wakiwa wameifikia rekodi ya dunia ya kama mita 1.65. Ikabidi waruke tena kutafuta mshindi. Hapo waamuzi wakasema Babe ametangulia kuvusha kichwa kabla ya miguu, jambo ambalo sheria za siku hizo zilikataza. Shiley akapewa dhahabu, Babe fedha. Leo kila mrukaji duniani hutanguliza kichwa na mgongo, na hakuna anayemuuliza. Hata hivyo, medali zile tatu zimemweka mahali pake peke yake: hakuna mwanariadha mwingine katika historia ya Olimpiki aliyepata medali za mtu binafsi katika kukimbia, kurusha na kuruka.

Ningeweza kuishia hapo na kumsifu tu, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili hutufundisha kwamba wasifu wa mtu usiwe wimbo wa harusi. Babe alikuwa na majivuno. Alipenda kuwatangazia wapinzani wake kwamba amekuja kuwashinda, hata umri wake aliupunguza miaka kadhaa ili aonekane mwujiza zaidi. (Watu wa aina hiyo hata kwenye michezo ya shule tunawajua!) Wenzake wengi kikosini hawakumpenda, na waliomba Jean Shiley amshinde.

Kuna jambo baya zaidi. Katika kikosi hicho walikuwamo wasichana wawili weusi, Tidye Pickett na Louise Stokes, wa kwanza wa rangi yao kuchaguliwa katika timu ya wanawake ya Olimpiki ya Marekani. Pickett alisimulia baadaye kwamba walipokuwa wamelala ndani ya treni ya kwenda Los Angeles, Babe aliwamwagia maji ya barafu. Huko Los Angeles wasichana hao waliachwa nje ya mbio za kupokezana vijiti, wakatazama tu. Huo ulikuwa uamuzi wa wakubwa, si wa Babe, lakini maji yale yalikuwa ya mkono wake. Pickett hakukata tamaa. Mwaka wa 1936 alikimbia viunzi kule Berlin, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuiwakilisha Marekani uwanjani katika Olimpiki. Niliposoma hayo nilifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nimeanza kumpenda Babe, na hilo liliniuma. Pengine wahenga hawakukosea sana. Babe alishika medali mkono huu na mkono huu, na kilichomponyoka ni utu kwa wenzake.

Baada ya Olimpiki ungedhani maisha yatakuwa mteremko. La hasha! Desemba 1932 chama cha wanariadha wa ridhaa kilimfungia kwa sababu picha yake ilitumiwa kutangaza gari. Kifungo kiliondolewa, lakini akaona heri aingie michezo ya kulipwa. Mwanamke kulipwa kwa michezo siku hizo? Hakukuwa na ligi wala mashindano. Akacheza jukwaani Chicago, akiimba na kupiga kinanda cha mdomo na kukimbia kwenye mashine mbele ya watu. Akazunguka nchi na timu ya vikapu iliyobeba jina lake, na mwaka wa 1934 akasafiri na timu ya besiboli ya wanaume wenye ndevu ndefu iliyoitwa House of David. Waandishi wa magazeti nao hawakumwacha. Waliandika kwamba si mwanamke kamili, ati mwanamke gani hurusha mkuki. Nafikiri maneno hayo wasichana wengi wa shule hii wamewahi kuyasikia kwa namna moja au nyingine.

Ndipo akashika gofu. Msidhani ni mchezo wa kutembea tu na fimbo. Alipiga mamia ya mipira kwa siku mpaka viganja vikatoka damu, akavifunga plasta akaendelea. Mwaka wa 1935 alishinda ubingwa wa wanawake wa Texas, na papo hapo wakubwa wa gofu wakamkataza kucheza na wa ridhaa kwa kuwa alikwishalipwa katika michezo mingine. Mwaka wa 1938 aliingia katika shindano la wanaume mjini Los Angeles, akapangwa kucheza pamoja na mpiganaji wa mieleka aliyeitwa George Zaharias. Hakushinda shindano, lakini Desemba mwaka huo huo wakaoana. Ndiyo sababu vitabu vingine vinamwita Babe Zaharias.

Ili arudishiwe haki ya ridhaa ilimbidi akae miaka mitatu bila kupokea malipo. Akakaa. Mwaka wa 1943 akafunguliwa, na mwaka wa 1946 akawa bingwa wa wanawake wa ridhaa wa Marekani. Mwaka wa 1947 akavuka bahari hadi Gullane, Scotland, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Na kwa kuwa hakukuwa na mahali pa wanawake kulipwa kwa kucheza gofu, yeye na wenzake wakapajenga: mwaka wa 1950 alikuwa mmoja wa waanzilishi 13 wa chama cha LPGA, ambacho kipo mpaka leo. Mwaka huo huo waandishi wa michezo wa Marekani walimchagua kuwa mwanamichezo bora wa kike wa nusu ya kwanza ya karne.

Aprili 1953 alipatikana na saratani ya utumbo mpana. Madaktari walimpasua, wakakata sehemu ya utumbo, wakamtobolea njia tumboni ambapo haja kubwa ilitokea ikiingia katika mfuko. Watu walisema gofu imekwisha. Miezi minne haikutimia kabla hajarudi mashindanoni. Mwaka wa 1954, akiwa na mfuko ule chini ya nguo, alishinda mashindano makuu ya wanawake ya Marekani kwa mara ya tatu, akimwacha aliyemfuata kwa mapigo 12. Katika siku ambazo saratani ilikuwa ugonjwa wa kufichwa, wengi wakiogopa hata kuutaja, Babe aliutaja waziwazi kwenye magazeti na kuwatembelea wagonjwa wenzake. Nadhani hapo moyo wake ulikuwa umejifunza jambo ambalo haukulijua ndani ya ile treni.

Ugonjwa ulirudi mwaka wa 1955. Tarehe 27 Septemba 1956 Babe aliaga dunia katika hospitali ya Galveston, Texas, akiwa na umri wa miaka 45. Alizikwa Beaumont, mji ule ule wa nyua za miti mifupi.

Michezo mitano ya wanawake iliingizwa katika Olimpiki mwaka wa 1964 mjini Tokyo, miaka minane baada ya kifo chake. Heptathloni ilianza mwaka wa 1984, na ilichezwa Los Angeles, uwanja ule ule alioambiwa ashike matatu tu. Mlango ulifunguliwa mwenye kuubisha alipokuwa ameshaondoka.

Nilirudi kwa mwalimu wa michezo nikamsimulia haya yote. Sikwenda kubishana na wahenga, sina adabu mbaya kiasi hicho. Nilimwambia tu kwamba Babe hakuponyokwa kwa sababu alibaki uwanjani wenzake walipoenda nyumbani, na kwamba mimi niko tayari kubaki. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema tujaribu muhula mmoja, masomo yakishuka tunarudi kwenye mchezo mmoja. Akaongeza sharti lingine: niwafundishe wasichana wa Kidato cha Kwanza kuruka viunzi, ili nisije nikajifunza majivuno.

Basi ndiyo sababu miguu inaniuma. Kila jioni, kabla ya kushika njia ya nyumbani, tunapanga viunzi vyetu vya fito kando ya ua wa shule, mimi na wale wadogo wanane. Wawili kati yao tayari wananikaribia. Mwanzoni niliona wivu. Sasa nawapigia makofi.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.